Tarakimu 48

Laptopu ni moja, sisi tuko kumi na mmoja. Tuliinunua mpya kwa michango, na hapa Nabuyonga tunaiweka juu ya kabati, maana Mbale haijasahau mafuriko ya Julai 2022.

Ilikuja na Windows 11 na RAM ya giga 4, yaani ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji urudi. Na bando! Tukiiunga na simu, masasisho yanalila lote kabla barua moja haijatumwa. Ndipo mwenzetu akaleta Ubuntu kwenye flashi. Warundi wetu wakacheka sana, kwao "ku buntu" ni kupata kitu bure, na kweli haina bei.

Uzuri wake, unaionja kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu ndani ya mashine. Tuliionja siku nzima. Wi-Fi ikashika, LibreOffice ikafungua CV zetu. Wengine walisema, "Kazini watatuuliza Windows, siyo hii." Wana haki. Tukakubaliana zikae zote mbili.

Haraka ikatuponza. Mmoja wetu aliingia BIOS akazima Secure Boot, na wala haikuhitajika, Ubuntu inakubali ikiwa imewashwa. Kurudi Windows, inadai ufunguo wa BitLocker, tarakimu 48. Nani ameziona? Hakuna. Na bila hizo diski haisomeki. Humo mlikuwa na vyeti vya watu na barua mbili za kuomba ufadhili wa DAFI, zimebaki siku nne.

(Baadaye tuliambiwa mara nyingi kuwasha tena Secure Boot kunatosha. Andikeni hiyo.)

Ufunguo hukaa kwenye akaunti iliyotumika siku ya kwanza. Akaunti ilikuwa ya kaka yetu mmoja, ambaye sasa yuko Kanada. Tukamwamsha saa nane ya usiku wake. Nywila ameisahau, na msimbo wa kuibadilisha unakuja kwenye laini yake ya Uganda, aliyomwachia dada yake. Dada yuko shambani. Tukangoja mpaka jioni, dada akasoma msimbo, kaka akaingia, akatutumia tarakimu kwa sauti ya WhatsApp, mafungu nane ya sita sita.

Zikakataliwa. Tukarudia. Zikakataliwa. Kumbe kwenye ile sauti yenye upepo, "tisa" yake sisi tuliandika "sita". Safari ya tatu ikafunguka, na dada mmoja hapa akalia waziwazi, barua ilikuwa yake.

Barua zote mbili zilikwenda. Ubuntu tuliiweka wiki iliyofuata, baada ya kuizima BitLocker na kuikata Windows giga 60. Kwa hiyo sasa diski haina kufuli, na picha za vitambulisho hatuziachi humo tena, kila mtu ana flashi yake. Akaunti bado ni ya kaka wa Kanada. Anatuambia tuihamishe, sisi tunamjibu Jumamosi.