Mti Ulioangukia Nyumba

Katika nchi ya milimani ya Kenya, tangu Kiambu na Murang'a hata Nyeri, Embu na Meru, ni nadra kuona boma lisilo na miti. Mgrevilea, ambao asili yake ni Australia na ulioletwa ili kutia kivuli mashamba ya kahawa na chai, sasa umesimama mipakani mwa mashamba mengi. Mkaratusi nao ulitoka huko huko Australia, ukapandwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili zipatikane kuni za magari ya moshi. Miti hii hukua upesi, hutoa mbao na nguzo, na mzazi aliyepungukiwa na karo huuza mmoja au miwili, mtoto akarudi shuleni. Kwa hiyo watu huipenda na kuipanda karibu na nyumba, wakisahau kwamba mche wa kimo cha goti siku moja utaipita nyumba mara nne.

Basi masika yafikapo, mvua ikanyesha juma zima, udongo hulegea na mizizi hukosa pa kushika. Masika ya mwaka 2024, yaliyoleta mafuriko makubwa katika Kenya, yaliwakumbusha wengi kwamba udongo uliolowa hautegemewi. Upepo huvuma usiku, kishindo kikasikika, na watu wa nyumbani huamka na kuona matawi yamepenya mabati juu ya vitanda vyao.

Muda si muda majirani hufika na mashoka, mapanga na kurunzi. Hiyo ndiyo desturi njema, na asiyekuja huonekana hana utu. Vijana husema, "Mzee, tuukate sasa hivi, mvua isije ikaharibu vyombo." Hapo mwenye boma hujaribiwa. Paa liko wazi, magodoro yanalowa, na kukataa msaada ni kama kuwavunjia watu heshima. Hata hivyo neno la busara ni hili: "Asanteni sana, wanangu. Tuwatoe watoto na tulichoweza kukichukua pasipo hatari, tulale kwa jirani. Kukipambazuka tutaukata." Magodoro hukaushwa na mabati hununuliwa mengine. Kijana wa mtu akivunjika mgongo gizani hapana duka la kumnunua mwingine, na wazee husema kwamba mchuma janga hula na wa kwao.

Jambo la kwanza la kutazama ni nyaya za umeme. Umeme wa nyumbani ni volti 240, lakini nyaya nyingine zipitazo juu ya nguzo huchukua volti 11,000 au hata 33,000, na mti mbichi uliolowa hupitisha umeme. Waya ulio kimya usidhaniwe kuwa umekufa, kwani umeme waweza kurudi dakika yo yote. Mti ukiwa umegusa waya, watu wote na wakae mbali, meta kumi au zaidi, na habari ipelekwe kwa kampuni ya umeme. Hakuna shoka litakaloinuliwa kabla mafundi wake hawajafika.

Jambo la pili ni uzito. Kipande cha mkaratusi mbichi chenye upana wa sentimeta 40 na urefu wa meta moja chaweza kufikia kilo 120, na gunia la mahindi ni kilo 90. Mtu asiyethubutu kudaka gunia lililotupwa kutoka darini asisimame chini ya gogo.

Jambo la tatu, ambalo wengi hawalijui, ni kwamba mti ulioanguka bado una nguvu ndani yake. Shina ambalo mizizi yake imekwama ardhini na ncha yake imeegemea paa ni kama upinde uliovutwa. Upande mmoja umebanwa, upande wa pili umevutwa. Mtu akikata kwa nguvu upande uliovutwa kwanza, shina hupasuka na kumrukia kifuani. Fundi aliyezoea hukata kidogo upande uliobanwa, kisha humalizia upande uliovutwa, naye husimama kando. Kisiki nacho ni hatari. Mti ung'okapo huacha shimo, na watoto hupenda kucheza humo. Lakini shina likishakatwa, kisiki chaweza kurudi shimoni ghafula, kikamfunika aliyemo.

Kwa hiyo kazi yenyewe huanzia kwenye vitawi vyembamba na kuelekea kwenye shina. Nyumba huwa tupu, shina huwekewa nguzo za kulitegemeza, na kila kipande hufungwa kamba kabla ya kukatwa ili kiteremshwe polepole. Msumeno wa injini ni chombo cha mtu aliyefundishwa, mwenye viatu vigumu na kofia ya chuma au plastiki ngumu, wala si cha kuazimwa na kujaribiwa juu ya mabati yenye utelezi. Malipo yake yapatanwe kabla hajaanza. Mwenye bima na apige picha ya uharibifu mti ukiwa bado juu ya nyumba, maana baada ya kazi hakuna kitakachoonekana.

Yako pia mambo ya ujirani. Mara nyingi mti ulisimama mpakani, au shambani mwa mtu mwingine. Ni vizuri mwenye mti aitwe, atazame, na wapatane mbele ya mashahidi ni nani atakayetengeneza paa na ni nani atakayechukua mbao. Saa moja ya maneno ya upole huzuia kesi ya miaka. Na kabla ya magogo kupakiwa kwenye lori, ofisi ya Kenya Forest Service iulizwe habari za kibali cha kuyasafirisha.

Kazi ikiisha, hasira humwambia mwenye boma aikate miti yote iliyobaki. Na aizunguke kwanza mchana. Mti ulioanza kuinama karibuni, ulio na ufa ardhini penye shina, uliomea uyoga mizizini, au uliokatwa mizizi wakati wa kuchimba msingi, huo na uondolewe mapema, siku ya jua, kabla ya masika mengine. Ulio imara na uachwe. Na mche wa kuushika mahali pa ule ulioanguka upandwe mbali na nyumba, umbali uzidio kimo utakachofikia ukiisha kukomaa.