MOTOKAA ZILIZOFICHWA KATIKA MJI WA MULHOUSE

Katika pembe ya mashariki ya nchi ya Ufaransa, mahali ambapo mipaka ya Ujerumani na Uswisi inakaribiana, uko mji uitwao Mulhouse. Mji huu umo katika jimbo la Alsace, na tangu zamani watu wake wamejulikana kwa kazi ya nguo: kusokota nyuzi, kufuma, na kupiga vitambaa chapa za rangi. Mgeni afikapo huko huonyeshwa jengo kubwa lililokuwa kiwanda cha kusokota sufu. Lakini ndani yake hamna sufu tena. Mna motokaa za kale zaidi ya 400, zimepangwa safu kwa safu, nazo zinang'aa kana kwamba zimetoka kwa fundi jana. Juu yake zimesimama taa za nguzo kwa mamia, zilizoigwa kutoka daraja la Alexandre III la mji wa Paris.

Iko motokaa ya mvuke iliyotengenezwa na Jacquot mwaka 1878, ambayo kwa umbo lake ni jamaa wa gari la farasi kuliko wa motokaa. Ziko za mashindano, na ziko za mabwana wakubwa. Lakini zinazoshinda nyingine zote kwa wingi na kwa sifa ni zile za Bugatti, nazo ni zaidi ya 100.

Ettore Bugatti alizaliwa Milan katika nchi ya Italia mwaka 1881. Mwaka 1909 alikwenda kufungua kiwanda chake Molsheim, kaskazini ya Mulhouse, wakati jimbo la Alsace lilipokuwa bado chini ya Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya kwanza jimbo lilirudi kwa Wafaransa, na motokaa zake za rangi ya samawati zikawa fahari ya Ufaransa katika mashindano. Watu wa nyumba yake walikuwa mafundi wa sanaa. Ndugu yake, Rembrandt, alikuwa mchongaji wa sanamu za wanyama, naye alifariki mwaka 1916. Ettore hakumsahau. Alipounda motokaa yake kubwa kupita zote, aliweka juu ya pua yake sanamu ndogo ya ndovu aliyesimama kwa miguu ya nyuma na kuinua mkonga, kazi ya mikono ya ndugu yake.

Motokaa hiyo iliitwa Royale, maana yake ya kifalme. Injini yake ilikuwa na silinda 8 na ujazo wa zaidi ya lita 12. Ettore alitumaini kwamba wafalme wa Ulaya wangegombea kuinunua. Lakini mwaka 1929 biashara ya dunia ilianguka, na hata wafalme walianza kuhesabu senti zao. Zikaundwa 6 tu, na 3 peke yake ndizo zilizopata wanunuzi wakati ule. Mmoja wa wanunuzi hao, Armand Esders, alitaka yake isiwekwe taa za mbele, kwa sababu hakuwa na nia ya kuiendesha usiku. Injini zilizobaki hazikutupwa, bali zilitiwa katika magari ya reli, zikawavuta abiria wa Ufaransa kwa miaka mingi. Hivyo kilichokusudiwa kwa wafalme kikawatumikia raia.

Mwaka 1939 Jean, mwana wa Ettore, aliyekuwa mchoraji hodari wa maumbo ya motokaa, alifariki karibu na Molsheim alipokuwa akijaribu motokaa ya mashindano. Alitaka kumkwepa mtu wa baiskeli, akagonga mti. Vita vilipoingia, Royale tatu zilifichwa nyuma ya ukuta uliojengwa huko Ermenonville ili Wajerumani wasizitwae. Moja yao ni ile aliyoitumia Ettore mwenyewe, iitwayo Coupé Napoléon, nayo leo iko Mulhouse. Ettore alifariki mwaka 1947, na kiwanda hakikuweza tena kuinuka kama zamani.

Hapa ndipo wanapoingia ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf. Baba yao alikuwa Mswisi na mama yao mtu wa Mulhouse. Walitajirika kwa viwanda vya sufu. Fritz alipenda Bugatti kwa mapenzi yasiyo na kipimo. Mwaka 1957 walinunua kiwanda kile cha Mulhouse, na humo akaanza kuzikusanya kwa siri. Mwaka 1963 alinunua motokaa zilizokuwa zimebaki Molsheim. Mwaka 1964 akanunua Bugatti 30 kwa mara moja kutoka kwa tajiri mmoja wa Marekani, zikaletwa kwa meli. Mafundi waliajiriwa kuzitengeneza upya, na mlango ukafungwa. Hata wenyeji wa mji hawakujua ukubwa wa hazina iliyomo.

Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Katika miaka ya 1970 biashara ya sufu ilidhoofika, na viwanda vya ndugu hao vikaelemewa na madeni. Mwaka 1976 watu waliachishwa kazi, wengine wao wakiwa wametumika tangu ujana. Wakagoma, na ndugu wale wakakimbilia Basel, katika nchi ya baba yao. Mwezi wa Machi mwaka 1977 wafanya kazi walivunja mlango wa kiwanda. Waliona kwa macho yao mahali ilipokwenda sehemu ya mali iliyochumwa kwa jasho lao.

Msomaji aweza kudhani kwamba hasira ingeteketeza kila kitu. Haikuwa hivyo. Gari moja dogo la Austin lilichomwa moto, lakini zile nyingine zilihifadhiwa. Wafanya kazi walilishika jengo kwa miaka miwili, wakafungua milango yake, na watu wakamiminika kutazama. Walitambua kwamba motokaa zile ndizo zilizobaki za kudai haki yao. Tena walijua, kama mafundi wanavyojua, kwamba kazi njema ya mikono haina kosa la mwenye kuinunua.

Mwaka 1978 serikali ya Ufaransa iliutia mkusanyo wote katika hesabu ya mambo ya kale yanayolindwa kwa sheria, usije ukatawanywa kwa wanunuzi wa nchi za ng'ambo. Mwaka 1981 chama kilichoundwa na mji, jimbo na wenzao kiliununua kwa faranga milioni 44, na mwaka 1982 nyumba ya makumbusho ikafunguliwa rasmi. Hans alifariki mwaka 1989, na Fritz mwaka 1992. Jina lao limeandikwa mpaka leo pamoja na jina la makumbusho hayo.

Wako watu wa Mulhouse wanaosema kwamba pasipo tamaa ya Fritz motokaa hizi zingalikwisha kuwa vyuma chakavu, na maneno hayo ni ya kweli. Wako wengine wakumbukao mishahara iliyokatika na nyumba zilizopata dhiki, na maneno yao pia ni ya kweli. Mgeni apitaye kati ya safu zile huona majina ya waliounda na waliomiliki. Majina ya wale waliosokota sufu iliyolipia yote hayakuandikwa juu ya chuma chochote. Lakini jengo lenyewe linawashuhudia, kwa kuwa ni wao waliofungua mlango wake, na walipokwisha kuufungua hawakuharibu.