Pochi ya Amadou Diallo

Hapiti mwaka ila hutokea katika jamaa zetu kijana wa kumuaga, aendaye ng'ambo kusoma au kutafuta riziki. Baada ya sala ya Isha nasi wakubwa huketi naye barazani kumpa wasia. Usiache sala. Chagua rafiki. Na wasia mmoja wa kidunia: karatasi zako ziwe mfukoni daima, askari akikusimamisha zitoe upesi. Wasia huu twaliurithi kwa wazee wetu, ambao zama za mkoloni walijua yampatayo mtu asiye na kipande.

Safari hii mama wa kijana, aliyekuwa ameketi mlangoni akisikiliza, alitukatiza. "Na yule mtoto wa Guinea," akauliza, "si alikuwa akitoa karatasi zake?" Tukanyamaza.

Alimkusudia marehemu Amadou Diallo, Mola amrehemu. Kijana huyu wa Kifulani, Muislamu, alifika New York mwaka 1996, akachuuza soksi, glavu na kanda za video kando ya njia katika Mtaa wa 14, Manhattan. Mama yake, Bi Kadiatou, amesimulia ya kwamba siku chache kabla ya kufa alimpigia simu kumwambia kuwa amekwisha weka akiba ya dola 9,000 ili aingie chuo. Usiku wa manane kuamkia tarehe 4 Februari 1999 alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba aliyopanga, Wheeler Avenue, Bronx. Wakamjia askari wanne waliovaa nguo za kiraia. Alitia mkono mfukoni, akatoa pochi; wao walisema walidhani ni bastola. Walipiga risasi 41, na 19 zikampata. Hakuwa na silaha yoyote. Umri wake ulikuwa miaka 23.

Wenzake wengi katika Waguinea wa mji ule ni watu wa namna yake, wachuuzi na madereva wa teksi. Mgeni hutembea kando ya ukuta. Hapendi kuonekana, sembuse kupiga kelele. Lakini walijaa kumsalia katika msikiti wa Mtaa wa 96, kisha mama yake akamrudisha Futa Jalon akazikwe kwao. Mbele ya makao makuu ya polisi watu walikwenda kukamatwa kwa hiari, siku baada ya siku, hata wakapita elfu moja, naye David Dinkins aliyekuwa meya zamani akiwa miongoni mwao. Waafrika waliotoka ng'ambo na Wamarekani weusi, ambao kabla ya hapo hawakuwa wakishirikiana sana, walisimama safu moja.

Kesi ilihamishiwa Albany, na tarehe 25 Februari 2000 wazee wa baraza 12 waliwaachilia askari wote wanne. Watu wakatoka njiani wakiinua pochi zao juu. Kikosi cha askari wale kilivunjwa mwaka 2002, na mwaka 2004 jiji lilikubali kuwalipa wazazi dola milioni 3. Apendaye aweza kuziita diya. Lakini katika fikihi diya ni hukumu juu ya damu, na hapa mahakama ilikuwa imekwisha sema hapana mwenye hatia. Bi Kadiatou alianzisha mfuko kwa jina la mwanawe wa kuwasomesha vijana wa Kiafrika walioko ugenini.

Hatusemi kila askari ni muuaji. Hapana mji ukaao bila ya walinzi. Lakini twaliona haya kumpa kijana wetu, mbele ya mama yake, wasia uliokwisha kumponza mwenziwe. Basi tuliugeuza. Mikono yako ionekane. Usiitie mfukoni, hata kwa kutoa karatasi, mpaka uambiwe. Nawe useme kwanza ni nini utakachokitoa. Kijana akaurudia mara tatu, kama arudiavyo sura mbele ya mwalimu, na kila alipokosea mama yake alimsahihisha.