Nyuki wa shibe na nyuki wa njaa

Najua nimepotea, UE zilinibana mpaka basi. Sasa zimeisha na nimelala siku mbili mfululizo, kwa hiyo leo naandika.

Tangu nilivyorudi chuo Novemba watu hapa hosteli wananiita Mama Nyuki, na kila ninayekutana naye kantini ana maswali mawili tu: "Asali ipo?" na "Hivi hawakuumi?" Asali bado haipo. Kuuma wanauma. Lakini kuna swali la tatu ambalo hakuna anayeniuliza na ndilo limenikaa kichwani tangu Septemba: nyuki wakitoka huko walikotoka, wakajitundika mtini rundo zima kama gunia linaloning'inia, unafanya nini nao?

Wengi wenu mnajua natokea Itigi, mkoa wa Singida. Kwa wasiopajua, ukitoka hapa Dodoma unapita Manyoni, halafu unafuata reli ya kati kuelekea Tabora mpaka unaanza kuona vichaka. Na vichaka vya Itigi si vya kuchezea, mtu mzima hapenyi bila panga. Wataalamu wa mimea wanavisifia kwamba vya aina ile havipo sehemu nyingi duniani, vingine mpaka uende Zambia. Ukivuka vichaka unakuta miyombo na mitundu. Kwa nyuki ni peponi, ndiyo maana hata serikali ina hifadhi ya nyuki huko huko upande wetu, Aghondi.

Babu yangu mzaa mama ni Mkimbu, na Wakimbu na asali ni kama Msukuma na ng'ombe. Ana mizinga ya magogo na ya magome juu ya miti ambayo mimi hata kuitazama shingo inauma. Mimi sipandi miti. Nina mizinga mitatu ya mbao, ile yenye viunza vya juu, niliyochongesha kwa fedha niliyobana kwenye bumu (nilikula ugali maharage muhula mzima, mashahidi mpo). Nimeitundika kwa waya kiunoni, usawa wa mtu kusimama, na waya nimezipaka oili chafu ili sisimizi wasipite.

Sasa hapa ndipo vitabu vinapotuchanganya. Nilipoanza nilisoma vitabu vya Wazungu viwili vitatu, na vyote vinamwambia anayeanza kitu kimoja: nyuki wamenunuliwa, wamo ndani, kazi yako ni kuwazuia wasigawanyike na kuondoka. Kwetu hakuna mtu ananunua nyuki jamani! Unatundika mzinga mtupu, unapaka nta ndani kama chambo, unasubiri. Lile kundi ambalo mfugaji wa Uingereza analiona ni hasara imeruka ukuta, kwangu mimi ndiyo mbegu yenyewe. Kwa hiyo nikawa na imani kwamba kila kundi linalotua ni baraka.

Imani hiyo ilipata mtihani wake nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya sekondari mkoani kwetu, kama nusu saa kwa bodaboda kutoka kwa babu. Ilikuwa Septemba, jua kali, mitundu ndiyo kwanza inatoa yale majani mekundu. Kipindi cha tatu, niko na Kidato cha Pili, nikasikia mlio kama lori linapanda mlima. Kutoka nje, hewa imejaa nyuki. Baada ya dakika chache wote wakatua kwenye mwarobaini ulio dirishani kwa Kidato cha Kwanza. Rundo la ukubwa wa ndoo ya lita kumi.

Watoto wanapiga kelele, wengine wanarusha viatu. Mwalimu mmoja akasema petroli, na mlinzi alishakuwa nayo kwenye chupa. Mkuu wa shule akauliza nani anajua mambo haya, na wanafunzi wangu wakanitaja kwa sababu nilishawasimulia mizinga yangu darasani. Mkuu akaniangalia. "Mwalimu, una mpaka jioni. Mtoto akidhurika, mimi na wewe."

Nyie, mimi ni mwanafunzi wa chuo! Darasa lile lina watoto sitini na kitu. Nikawahamishia bwaloni, nikakataza mtu kupita upande ule, nikawaambia anayeumwa akimbie moja kwa moja aingie ndani afunge mlango, asipungepunge mikono, na mwiba aukwangue haraka kwa kucha maana unaendelea kusukuma sumu. Halafu nikampigia babu.

Baada ya shikamoo na marahaba nilitegemea aniulize wako wangapi. Hakuuliza. Aliuliza, "Wameshiba?"

Nitajuaje babu kama wameshiba? Akanielekeza nikoroge sukari na maji, nichovye jani, nilifunge kwenye ufito mrefu, nilisogeze taratibu pembeni ya rundo. Nyuki wa shibe hawana habari na jani lako. Wa njaa wataliparamia. Nikafanya hivyo, mlinzi ananishikia mwavuli sijui wa nini, na haikupita dakika moja jani limekuwa jeusi kwa nyuki.

"Hao ni wa njaa," babu akasema. "Usiwaguse mchana. Nakuja."

Nimekuja kusoma baadaye na nikakuta mzee yuko sahihi kabisa. Kundi linalogawanyika kwa sababu nyumba imejaa hunywa asali kabla ya kutoka, matumbo yamejaa, halina watoto wala akiba ya kulinda pale mtini, ndiyo maana linakuwa pole mpaka watu wanapiga nalo picha. Kundi lililohama kwa njaa limesafiri, akiba ya tumboni inaisha, na hasira ziko karibu. Ukiyatazama kwa mbali yote ni rundo tu. Yule mwalimu wa petroli angewasha moto chini ya kundi la njaa saa nne asubuhi, sijui tungeongea lugha gani.

Babu alifika na bomba la moshi na kofia moja ya wavu. Tukasubiri magharibi. Tukawanyunyizia maji kidogo, tukaweka mmoja wa mizinga yangu chini ya tawi, ukiwa na kipande cha sega kuukuu ndani, babu akalitikisa tawi mara moja tu, kwa nguvu. Walianguka kwa sauti ya mchele unaomiminwa. Waliobaki nje wakaanza kuingia wenyewe wanatembea, kwa mstari, kama watu wa paredi. Nikaumwa mara nne mkononi, na hapo nikaisikia ile harufu wanayosema, kama ndizi mbivu. Ile ni harufu ya kengele, nyuki mmoja akichoma wenzake wanaifuata kuja kuchoma palepale. Babu akapuliza moshi juu ya mkono wangu kuifunika. Usiku tukaziba mlango kwa kipande cha chandarua, tukapakia kwenye guta, mpaka kwa babu. Asubuhi Kidato cha Kwanza wakarudi darasani kwao, na Mkuu akaniita "mwalimu" bila ule mkwaruzo wa sauti.

Nikawawekea maji ya sukari, maji ya kunywa, kivuli. Walikaa siku tisa. Siku ya kumi asubuhi mzinga mtupu.

Nililia, sifichi. Babu hata hakusikitika. Alifungua mzinga akaangalia vile visega vyeupe vidogo walivyoanza, akasema walikuwa wanapita. Halafu akanifundisha kusoma mzinga mtupu, na hili ndilo ningependa kila anayeanza kufuga alijue kabla ya bomba na kofia. Ukikuta wameondoka na wameacha majana na asali, wamekimbia kitu: moto, siafu, nyegere, au wewe mwenyewe na fujo zako za kufungua kila siku. Ukikuta masega makavu, hakuna jana hata moja, asali imelambwa yote, hao walipanga safari. Waliacha kulea, wakasubiri watoto wa mwisho watoke, wakala akiba, wakaenda kutafuta maua. Na ukikuta nyuki bado wamo ila wamepungua nusu, na kwenye sega kunaning'inia vichumba kama karanga, hao hawajakuacha, wamezaa. Malkia wa zamani ametoka na nusu ya watu wake, na malkia mpya anabaki na nyumba.

Nyuki wetu wa huku wana wepesi wa kuhama kuliko wale wa Ulaya, na si ukorofi. Huku maua yanafuata mvua na mvua haina ratiba, nyegere yupo, moto upo. Anayeng'ang'ania mahali anakufa. Wepesi huo huo ndio uliowashangaza Wamarekani: mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia Afrika, wengi kutoka Afrika Kusini na wengine kutoka Tabora, majirani zetu kabisa. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka, na uzao wake ukasambaa bara zima mpaka ukaingia Texas mwaka 1990. Ukiwaambia wazee wa Itigi habari hii wanacheka tu, wanauliza huyo bwana alitegemea nini.

Mvua zilipoanza mimi nilishakuwa huku chuo. Desemba mdogo wangu akanipigia: kuna nyuki wachache kila siku wanazungukazunguka mlango wa ule mzinga waliouhama, wanaingia, wanatoka, hawabebi kitu. Nikamwambia usiuguse! Hao ni wapelelezi. Wanapima chumba, ukubwa, mlango, unyevu, halafu wanarudi kwenye rundo kucheza ngoma ya kuelezea wenzao. Aliyegundua hilo ni Mjerumani, Martin Lindauer, mwaka 1949 mjini Munich, mji umebomolewa na vita. Aliona nyuki wachafu wanacheza juu ya kundi, huyu ana masizi, huyu ana vumbi la matofali, akaelewa kwamba wametoka kukagua mabomba ya moshi na magofu. Baada ya siku nne mdogo wangu akaandika ujumbe wenye neno moja: WAMEINGIA. Hao walikuwa wa shibe. Hawakuwekewa sukari, hawakubebwa kwenye guta, walichagua.

Basi, kizaazaa cha pili kikaja Machi, katikati ya mitihani. Mdogo wangu kafungua mzinga, umejaa, kanitumia picha. Karanga tano pembeni ya sega, mbili zimeshazibwa.

Kila mtu alikuwa na lake. Mdogo wangu alitaka azikate zote ili nyuki wasigawanyike na asali isipungue, kwa sababu mavuno ya kwanza nilishamwahidi yeye kwa ajili ya ada ya chuo cha ufundi, na kundi likigawanyika sasa hivi mzinga ule hautatoa ya maana mwaka huu. Babu alisema waachwe, mizinga miwili mitupu ipo pale pale, wataingia wakipenda. Na mimi niko Dodoma na daftari la saikolojia ya elimu mkononi, nahesabu siku.

Malkia kutoka yai mpaka kutoka chumbani ni siku 16 hivi, na wa kwetu huwahi kidogo. Chumba huzibwa karibu siku ya nane. Na kwa kawaida malkia wa zamani huondoka pale vyumba vya kwanza vinapozibwa. Kwa hiyo picha yenye vyumba viwili vilivyozibwa inaweza kuwa na maana kwamba mama ameshaondoka. Ukikata karanga zote wakati mama hayupo, umeua mzinga mzima kwa kisu chako. Ishara ni mayai: ukiyaona yamesimama kama punje wima chini ya vichumba, malkia alikuwepo ndani ya siku tatu zilizopita. Nikamwambia apige picha nyingine karibu zaidi. Ikaja imetetemeka, haionyeshi kitu. Tochi mdomoni, moshi mkononi, namwelewa.

Tukakubaliana kugawa. Jumamosi jioni alihamisha viunza vinne kwenye mzinga wa pili, vyenye majana, asali kidogo na karanga mbili, akakung'utia na nyuki wa kiunza kingine juu yake, maana wazee wanaojua njia watarudi kwa mama yao na mzinga mpya utabaki na vijana tu. Zilizobaki aliziacha ule wa kwanza. Halafu marufuku kufungua wiki tatu, malkia mpya atoke, aende kupandwa angani, arudi, aanze kutaga. Mdogo wangu hakufurahi. Alinijibu "sawa dada" ile fupi.

Leo ni siku ya 23. Jana kasema mizinga yote miwili inaingiza chavua, ya njano na nyingine ya rangi ya machungwa, na anayebeba chavua ana mtoto wa kulisha. Kwa ule wa pili naamini. Ule wa kwanza naogopa bado, kwa kuwa alisema wamekuwa kimya kidogo. Atafungua Jumapili. Ada tumeipanga upya, nusu itatoka kwangu bumu likiingia, nusu tutaona Juni.

Kitu kimoja cha mwisho: kama kuna mtu anajua anayeuza ovaroli ya nyuki iliyotumika hapa Dodoma, aniambie kabla ya Ijumaa kuna gari la kwenda Itigi. Mdogo wangu anafungulia mizinga na koti la mvua la marehemu bibi, na lina kifungo kimoja.