Nilimhoji Mwanangu Kama Mtuhumiwa

Mimi ni askari polisi, na kazi ya kuhoji nimeifanya miaka mingi hata imekuwa tabia. Tabia hiyo ndiyo iliyonikosesha kwa mwanangu.

Mtoto huyo, wa miaka 6, alikuwa pamoja na mama yake juu ya pikipiki ya abiria ilipoanguka katika barabara ya Jinja. Mama alivunjika mguu. Mtoto hakupata hata mchubuko. Lakini tangu siku ile alianza kukojoa kitandani, na sauti yake ikawa ya kunong'ona. Tukaelekezwa kwa bibi mmoja wa hapa Kyambogo, atibuye watoto kwa njia ya mchezo. Kila Alhamisi nikawa napanda naye kilima, namwingiza katika chumba chenye mchanga, wanasesere na magari madogo, kisha nangoja nje dakika 45.

Njiani tukirudi nilianza kazi yangu. Umecheza nini? Umesema nini? Bibi amekuuliza nini? Mtoto alitazama viatu vyake. Juma la tatu akakataa kuingia chumbani.

Bibi yule aliniita kando. "Afande," alisema kwa heshima, "mtoto wa umri huu hana maneno ya kutosha kueleza hofu yake, huieleza kwa vitu alivyoshika mkononi. Ukimdai maelezo kila atokapo, hata chumba hiki kitakuwa kwake mahali pa kuhojiwa. Ukitaka kujua maendeleo yake, niulize mimi."

Nilitahayari sana.

Akanieleza kwamba Virginia Axline wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1947, alifundisha kuwa katika tiba hii mtoto ndiye aongozaye, mkubwa hufuata. Katika miaka ya 1960 Bernard na Louise Guerney, nao wa huko huko, wakaanza kuwafundisha wazazi wenyewe kucheza hivyo na watoto wao. Basi nami nikapewa zamu: nusu saa kila Jumamosi, redio imezimwa, simu iko mbali. Vifaa havikuwa vya gharama: gari la waya, udongo wa mfinyanzi, vizibo vya soda, mpira wa majani makavu ya mgomba. Nitaje ninachokiona tu, nisimsahihishe. Mipaka ni miwili: asimpige mtu, asivunje kitu cha nyumba.

Kusema kweli, gwaride la jua kali ni rahisi kuliko nusu saa ile. Mtoto aliniamuru niwe abiria, nianguke. Nikaanguka. "Tena." Mara ya tano nikamwambia kwamba abiria hushika sawasawa. Papo hapo akarudisha gari sandukuni. Jumamosi iliyofuata nilianguka mara 11, nisiseme lolote ila, "Abiria yuko chini. Ameogopa." Akanifunika kwa kanga ya mama yake.

Juma hilo kukojoa kulizidi. Mama mkwe akashauri tuuache upuuzi huo, kiboko kitumike. Mke wangu, angali na magongo yake, alikataa. Bibi alipoelezwa alisema hofu mara nyingine huzidi kabla ya kutulia, tusikatize hata siku moja. Nikabadilishana zamu na wenzangu ili Alhamisi isipotee.

Siku moja tulikuwa tukishuka kuelekea kituo cha teksi pale Banda, nami ulimi nimeushika. Akasema mwenyewe, kwa sauti yake ya zamani: "Baba, leo pikipiki haikuanguka."

"Haikuanguka," nikajibu.

Akaruka dimbwi la maji, tukaendelea.