Nanasi la Idjwi

Wamama wenzangu, pale Beach Muhanzi, Bukavu, mtu anaijua mashua ya Idjwi kwa harufu tu. Inafika imejaa mananasi, avoka na mikungu ya ndizi. Inarudi na chumvi, sabuni, mafuta na sisi wasafiri. Mwezi uliopita nilipanda moja, kwenda kwenye ndoa ya mtoto wa dada yangu.

Niseme ukweli, nilikuwa na woga. Ni miaka sita ninaishi na ugonjwa wa sukari, na safari yangu iliyotangulia iliniharibikia. Ilikuwa ya matanga. Asubuhi nilimeza kinini changu cha glibenclamide, nikakataa chai na mandazi kwa kuogopa sukari, nikajisemea nitakula nikifika. Mashua ikakawia. Katikati ya ziwa mikono ikaanza kutetemeka, jasho baridi likanitoka, maneno yakanipotea mdomoni. Wengine wakasema ni mawimbi. Mwingine akasema nimepewa sumu. Mnawajua watu wetu. Ni mama mmoja muuza mananasi, ambaye mume wake ana ugonjwa huohuo, aliyeniuliza: "Mama, umekula?" Akakoroga vijiko vidogo vitatu vya sukari, vilivyojaa, katika kikombe cha maji. Nikanywa. Baada ya robo saa hivi akili zikarudi, naye akanilazimisha kula ndizi mbili za kuchemsha. Mimi niliyekimbia sukari, sukari ndiyo iliyoniokoa.

Mara hii nilikula kwanza, viazi vitamu na yai, ndipo nikameza kinini. Sukari niliifunga katika karatasi, ikakaa mfukoni, si ndani ya mzigo chini ya magunia.

Kisiwa kinaonekana polepole, mlima juu ya mlima, kahawa na migomba ikishuka hadi kwenye maji. Tuliteremka kusini, upande wa Ntambuka, tukapanda njia ya udongo mwekundu huku wachawi wa magoti, ndivyo ninavyoviita vile vilima, wakinifanyia kazi yao.

Kwenye ndoa kulikuwa bugali wa muhogo, sombe, maharagi, na sambaza za kukaanga. (Hizo sambaza, wazee wanakumbuka, zilitolewa Tanganyika zikaletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani angesema si za kwetu?) Kisha wakaleta nanasi. La Idjwi, lililoivia shambani. Dada yangu akaniondolea sahani mbele ya watu: "Huyu hapana, ni mgonjwa." Iliniuma kuliko sindano.

Muuguzi wetu alikuwa amenifundisha kwamba bugali na nanasi vinaingia katika hesabu moja. Ukitaka hili, punguza lile. Nilikuwa nimekula nusu ya bugali ninaoula kila siku, nikaongeza sambaza na sombe. Nikarudisha sahani, nikachukua vipande viwili, nikatafuna polepole hadi maji yakanitiririka mkononi. Halafu nikatembea na wamama mpaka ufukweni, kutazama taa za wavuvi na kusikia wakiimba. Nilikuwa na kipimo changu: kabla ya kula 124, saa mbili baadaye 163. Nilimwonyesha dada. Hakusema kitu, lakini kesho yake alinikatia nanasi mwenyewe.

Kesho yake hiyohiyo nilikosea. Mkwe alileta mutobe, kikombe kikubwa, na kukataa cha mkwe ni vigumu. Ilikuwa adhuhuri, tumbo tupu. Nilikunywa chote. Kipimo kikasema 241. Maji ya ndizi yanateremka moja kwa moja, hayana nyuzinyuzi za kuyachelewesha. Siku nyingine nitaonja midomo miwili mitatu baada ya chakula, kikombe nimpitishie jirani yangu. Mkwe ataona nimepokea.

Tuliporudi Muhanzi, nilimtafuta yule mama wa mananasi. Alikuwa palepale, amekaa juu ya gunia. Nilimnunulia matatu kwa bei aliyotaja, bila kubishana, na mnajua ninavyobishana.