Buli Lisilo na Kitako

Katika Sura ya An-Naml tunasoma habari ya Malkia wa Sabaa alipoingia katika jumba la Nabii Suleiman (A.S.). Aliitazama sakafu akadhani ni maji, akapandisha nguo yake asije akalowa, kumbe ni vioo. Kisa hiki nimekisomesha chuoni miaka mingi, na watoto hucheka hapo penye nguo. Mimi husimama penye neno linalofuata: Nabii Suleiman alimwambia papo hapo kwamba kile ni kioo.

Leo wako mafundi ambao kazi yao ni kukipa kitu uso wa kitu kingine, wala mikono yao haigusi kioo wala maji. Hutumia kompyuta. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Utah huko Marekani, Martin Newell alikuwa akitafuta kitu cha kujaribia michoro yake. Mkewe akamshauri achore vyombo vyao vya chai. Basi akalichora buli lao jeupe la kauri kwenye karatasi ya miraba, kisha akaugeuza mchoro kuwa nambari, na nambari hizo akawapa wenziwe. Buli lina tumbo la mviringo, lina mdomo, lina mkono wenye uwazi, na kivuli chake huliangukia lenyewe. Ukilijaribia mwanga, kosa halijifichi. Fundi hubadilisha nambari chache tu, yaani jinsi mwanga unavyorudi na jinsi uso ulivyo laini au unavyokwaruza, na kauri huwa shaba, kisha kioo, kisha mbao. Marumaru ilikuwa ngumu zaidi, maana mwanga huingia ndani ya jiwe lile, ukatangatanga, ukatokea mahali pengine. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenziwe walitoa njia nyepesi ya kulihesabu jambo hilo, na maziwa na ngozi ya mtu navyo vikachoreka vizuri.

Walakini buli lile la nambari, lilipotoka kwa Newell, halikuwa na kitako. Nani angelitia chai? Na buli lenyewe, lililowekwa katika makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, California, ni refu kuliko sura yake tuliyoizoea.

Kijana mmoja niliyemsomesha hufanya kazi hii kwa tajiri muuza samani. Alikuja akaniuliza, "Maalim, riziki yangu hii ni halali?" Alidhani nitamjibu kwa mlango wa picha. Kabati halina roho, na Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mtu aliyekula kwa kuchora achore miti na visivyo na roho. Mimi nilimjibu kwa mlango wa soko. Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakione. Kompyuta, nikamwambia kijana, ni chombo hodari sana cha kuweka kikavu juu.

Sisemi kuwa kila picha ya namna hii ni hadaa. Kampuni ya samani ya Uswidi, IKEA, ilitia katika katalogi yake kiti kilichochorwa kwa kompyuta mwaka 2006, na miaka michache baadaye picha nyingi za bidhaa zake zikawa za namna hiyo. Mnunuzi akifungua sanduku akakuta kiti kile kile, rangi ile ile, amedhulumiwa nini? Bali kijana wangu alitakiwa kabati la unga wa mbao ulioshindiliwa alipe uso wa mninga, na bei iwe ya mninga.

Nikamwambia, "Chora, kisha andika chini yake limetengenezwa kwa nini."

"Tajiri atakataa, maalim."

"Mwulize kwanza."

Akamwuliza. Tajiri alikubali kwa makabati, akakataa kwa vitanda. Sasa kijana anachora makabati tu, na mshahara wake umepungua.